Kuku Aliyerudishwa

Mwandiga,
11 Januari 2023

Skolastika,

Sianzi na salamu. Salamu utaikuta mwishoni, kama moyo wangu utakuwa umepoa.

Jana ulinitoa nje. Mimi, Veneranda, niliyekunyonyesha ziwa la kushoto huku Agnesi wangu ananyonya la kulia, mama yako yuko kaburini hata nyasi hazijaota juu yake. Ulifungua mlango wa ofisi yako pale Katubuka, ukaniambia kwa sauti ya masista, "Mama, naomba ukae kwenye benchi." Benchi! Nikakaa na watu na vikohozi vyao. Mlango ukafungwa, nikasikia mjukuu wangu analia humo ndani. Nikanyanyuka. Yule binti wa mapokezi akasema, "Bibi, hairuhusiwi." Nikamwuliza, "Wewe umezaa?" Akasema bado. Nikamwambia, "Basi nyamaza."

Sasa sikiliza. Margareta ni mtoto wa Agnesi, na Agnesi hayupo, kwa hiyo Margareta ni wangu mara mbili. Tangu boti ilipozama mwezi wa kumi hajamaliza sahani ya chakula. Tunamshukuru Mungu alitoka majini na Merina wake mgongoni. Jonathan wa Anatoli ndiye aliyenyakuliwa na wimbi. Tumelia, mwili haukuonekana, tukazika mgomba mahali pake kama inavyotakiwa, tukamaliza. Anatoli mwanangu, baba wa mtoto, hana kinyongo hata kidogo. Kila Jumamosi anapanda kutoka ziwani na samaki, migebuka miwili iliyonona, anampa mpwa wake, anasema, "Mama Merina, kula. Ulijitahidi." Naye anaikaanga, anakula mbele yake, halafu anakwenda nyuma ya nyumba anatapika. Umewahi kumwona Muha anatapika mgebuka?

Kuja kwako anakuja mwenyewe, hasukumwi. Na Jumanne akirudi kutoka kwako, anakula. Hilo nimeliona, mimi si kipofu. Ndiyo maana nataka kujua mnaongea nini. Uniambie hayo maneno, niwe namwambia mimi hapa nyumbani, tuokoe nauli.

Umenikataza kuja ofisini. Vizuri. Karatasi haina makalio, haikalishwi kwenye benchi. Simu yangu imepasuka uso, na nikiongea humo Mwandiga yote inasikia. Barua nampa Honorata, anayepeleka mawese soko la kwenu; na wewe majibu umpe yeye. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Salamu sikupi.

Mama yako,
Veneranda


Katubuka,
14 Januari 2023

Mama, shikamoo.

Unisamehe kwa benchi. Najua ulivyojisikia, nilikuona kupitia kioo cha mlango na sikuwa na raha.

Lakini, Mama, kazi yangu ya unasihi ndivyo ilivyo. Mtu akikaa kwenye kile kiti, anayoyasema ni yake. Siyapeleki kwa mume, kwa padri, kwa mama. Nikiona uhai wake uko hatarini nitawaambia wanaomtunza wawe macho, na nitaishia hapo. Mlango ule usipofungwa, Margareta hatasema neno. Anasema kwa sababu umefungwa.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Nilikosea siku ya kwanza nilipompokea. Tulifundishwa kwamba usimhudumie mtu wa nyumba yako, kwa kuwa utasikia ya kazini kwa masikio ya nyumbani, na siku moja utashindwa kujua wewe ni nani. Mimi na marehemu Agnesi tulinyonya ziwa moja, kwa hiyo Margareta ni mtoto wa dada yangu. Yupo mwenzangu Kasulu, anaitwa Gasper, mtu mzima, mtulivu. Yeye hatujui sisi, wala ukoo wetu, wala habari za boti. Ndiyo sababu anafaa. Nimpeleke kwake?

Mwanao,
Skolastika


Mwandiga,
17 Januari 2023

Skola,

Hatujui, ndiyo sababu anafaa! Nimesoma maneno hayo mara mbili nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Hata mganga wa mizizi tunamwuliza kwanza, wewe mwana wa nani? Wewe unataka mtoto wetu aliyetoka majini apandishwe basi mpaka Kasulu, akaukunjue moyo wake mbele ya mwanamume asiyejua hata kaburi la mama yake liko upande gani wa mhogo. Asome uso wake kama gazeti, halafu jioni aende zake nyumbani akale. Hapana. Nimekataa. Damu ya mtu inafuliwa nyumbani.

Utamhudumia wewe. Imana, Mungu wa wazee wetu, alijua alipokuweka kwenye ziwa langu.

Nimempa Honorata kuku mwekundu akuletee. Ni jogoo anayekaribia kuwika, nyama yake bado laini. Mchemshe na mawese kidogo, usimkaange kama watu wa hoteli. Ni asante yangu, maana juzi Margareta alicheka. Merina alimvisha mbuzi kilemba, na mama yake akacheka kwa meno. Sikumbuki lini niliona yale meno.

Mama yako,
Veneranda


Katubuka,
18 Januari 2023

Mama, shikamoo.

Kuku nimemrudisha na Honorata. Nakuomba usikasirike, soma mpaka mwisho.

Nikimla huyu kuku, nitakuwa nimekula cha mtu ninayemhudumia. Kesho utaniuliza neno, na kuku atakuwa tumboni mwangu ananiambia, jibu. Nimekubali kuendelea na Margareta kwa kuwa umekataa Kasulu na yeye mwenyewe anasema kwa mtu mwingine hataanza upya. Basi niachie angalau huu mpaka mdogo.

Nimefurahi kusikia alicheka.

Skolastika


Mwandiga,
19 Januari 2023

Wewe Skolastika,

Kuku alishuka kwenye hiasi stendi ya Mwandiga kichwa kimetokeza kwenye kikapu cha Honorata, anaangaza huku na huku kama diwani. Watu wote walimwona akienda, na watu wote wamemwona akirudi. Melania wa jirani akaniuliza kwa sauti ya juu, makusudi, "Mama Agnesi, kuku hakupendwa?" Nikamwambia alisahau kuaga.

Unajua kwetu nani anarudisha chakula. Usijifanye umekuwa mzungu. Chakula anarudisha mtu anayemwambia mpishi, wewe ni mchawi. Miaka yote hii nimepika misiba na harusi, hakuna aliyewahi kunirudishia hata punje. Wa kwanza ni wewe, uliyekunywa kifuani kwangu bila kuuliza kama ni maadili.

Huyo kuku nimemfunika chini ya tenga. Sitamla, sitamwuza. Anakungoja. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, njoo ule hapa, mbele ya Melania akipita. Ama usiniite Mama kwenye barua, niite Mteja, au sijui mnaitaje huko.

Veneranda


Katubuka,
2 Februari 2023

Mama, shikamoo.

Asante kwa Jumapili. Nilikula na nikashiba, na uliniona. Hata Melania aliniona.

Ila nilimwona na Margareta. Ulipomwambia aninawishe mikono, alishika jagi akaniangalia kama mtu aliyemkuta padri wake kilabuni. Ofisini huwa ananiita "dada mshauri". Pale alisema, "Karibu, mama mdogo." Jumanne alipokuja hakuniita jina lolote. Alikaa muda wake wote anaangalia viatu vyangu. Mwishoni akauliza, "Ukiwa kwa Bibi, mnaongea nini?" Nikamwambia hatuongei habari zake. Akasema, "Sawa." Mama, mimi naijua hiyo "sawa".

Sitakuja tena kula. Nilishindwa kukukatalia, na aliyelipa ni yeye. Na nakuomba moja tu: usimlazimishe samaki wa mjomba wake. Sababu usiniulize.

Skolastika


Mwandiga,
6 Machi 2023

Mwanangu Skola,

Leo sina nguvu za kukugombeza. Siku nyingine nitakugombeza mara mbili.

Unajua kwamba Jumanne mbili hajaja kwako. Hapa ananiaga vizuri, anapanda hiasi, na mimi nakaa nikijua yuko kwenye kiti chako. Kumbe hashuki Katubuka. Honorata amemkuta Kibirizi, zinapopakia boti za kwenda kaskazini na za Kongo. Amekaa juu ya jiwe, viatu amevivua, amevipanga pembeni vizuri kama mtu anayeingia kulala. Honorata akamwuliza, "Mama Merina, unangoja nani?" Akasema, "Nahesabu watoto wanaoshuka."

Jana nimefungua sanduku lake kutafuta sindano. Nguo za Merina zimefuliwa, zimekunjwa, zimefungwa kwa kanga, juu yake kadi ya kliniki. Nguo zake mwenyewe hakuna hata moja iliyokunjwa. Skola, mimi nimezika wazazi, mume, na Agnesi. Naijua harufu ya mtu anayejiandaa.

Jumamosi Anatoli alikuja na samaki. Nikakumbuka neno lako, nikamwambia awape jirani. Anatoli akauliza, "Mama, mpwa wangu nimemkosea nini?" Mtu mzima, amefiwa na mwanawe, amesimama uani kwangu na samaki mkononi kama mchumba aliyekataliwa.

Wewe unajua. Unajua ni nini. Mlango wako umefungwa na mtoto wangu anafia ndani yake. Sijawahi kukudai kitu. Sare za shule sikudai, karo sikudai. Leo nadai. Nadai maziwa yangu. Niambie, ama njoo uniambie mbele ya jeneza kwa nini hukuniambia.

Mama yako


Katubuka,
7 Machi 2023

Mama,

Nimeandika na kuchana karatasi. Hii sitaichana.

Kwanza, ninachoruhusiwa kusema: usimwache Margareta peke yake, usiku wala mchana. Ondoa sumu ya panya. Asiende Kibirizi. Kesho asubuhi mlete hospitali, nitawakuta getini, tumkabidhi kwa daktari. Ningepaswa kuweka kalamu chini hapa.

Siiweki. Ninayoandika sasa naandika kama mtoto uliyemnyonyesha, na najua ninavunja nini.

Jonathan hakunyakuliwa na wimbi. Boti ilipopinduka, Margareta alishika dumu tupu la mafuta, Merina mgongoni, Jonathan ameshika kitenge chake kwa nyuma. Dumu lilikuwa haliwabebi wote. Walizama, wakaibuka, wakazama tena, na Merina akaacha kulia. Ndipo Margareta akapeleka mkono nyuma akambandua Jonathan vidole. Kimoja kimoja. Jonathan alimwita "shangazi", kwa sababu hakuwahi kuzoea kumwita dada. Hayo ndiyo anayoyasikia. Na kila Jumamosi anakuja baba wa yule mtoto na samaki kutoka maji yale yale, anamwambia, ulijitahidi.

Alikuwa ameanza kuyabeba. Polepole, lakini alikuwa ameanza. Ameyasema kwangu tu duniani.

Mama, asijue mtu. Anatoli asijue. Margareta asijue kwamba unajua. Mkumbatie tu, usimwambie kwa nini. Barua hii ichome.

Skolastika


Mwandiga,
9 Machi 2023

Mwanangu,

Nimesoma nikiwa jikoni, nikaichoma kama ulivyosema. Nimelia mpaka ugali ukaungua.

Sasa nimemaliza kulia, na nimejua la kufanya. Hospitali sikumpeleka. Atapewa vidonge vya kulala, na jambo hili si la usingizi. Ninyi mliosoma mnamfungia mtu na doa lake chumbani mnaita siri. Sisi doa tunalitoa nje, tunalimwagia maji watu wote wanaona, linakwisha. Wanaume waliochomana visu nimewaona wakipatanishwa hivyo, leo wanalima pamoja.

Nimemwita Anatoli, nimemwita Mzee Adolf na wazee wawili wa ukoo. Jumamosi saa nne, hapa kwangu. Nilishaloweka mtama siku zile za matanga kwa ajili ya jambo jingine, unga wake upo, pombe itakuwa tayari. Najua ni Kwaresima, Mungu ana macho. Chungu kimoja, mirija miwili. Margareta atasema mwenyewe, Anatoli atasikia, watakunywa pamoja, imekwisha. Mtoto wangu atalala. Anatoli ni mwanangu, namjua, atasamehe.

Bado sijamwambia Margareta, atatoroka. Atajua hapo hapo.

Usiogope. Hii ndiyo kazi yangu, kama ile ilivyo yako.

Mama yako,
Veneranda


Katubuka,
Ijumaa, 10 Machi

MAMA,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Juzi niliwangoja getini, hamkuja, na simu yako haipatikani. Namtuma bodaboda na karatasi hii, mimi nafuata nikishapata ruhusa. Usifanye. Narudia, usifanye. Hakuna kosa hapa la kupatanisha. Ukimweka mbele ya Anatoli aseme, utambandua vidole na yeye. Waambie wazee umeugua. Sema lolote. Nakupigia magoti.

Skola


Jumapili

Mama mdogo,

Au dada mshauri. Sijajua nani atasoma.

Jana ulipofika umelowa jasho, watu wanatawanyika, ulinijia na mikono umeinyoosha. Nilikupita. Nisamehe, mikono yako nilikuwa siwezi kuitazama.

Nilikuwa na mtu mmoja tu asiye wa nyumbani. Siku ile nilipokumiminia maji ya kunawa kwa Bibi, nikajua namkosa. Sikuacha kuja kwako kwa hasira. Niliacha kwa sababu nikikaa kwenye kile kiti nilimwona Bibi amekaa nyuma yako.

Nilikwambia habari ya vidole ili nisivihisi tena. Sasa Mzee Adolf anavijua, mjomba anavijua, na jirani aliyekuwa anapepeta karanga nyuma ya ua anavijua. Vimegawanywa kwa watu wote, na kwenye kitenge changu havijapungua hata kimoja.

Mjomba hakunywa. Bibi alidhani amekunywa. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye chungu hicho hicho, paji la uso langu na lake yanakaribia kugusana. Mdomo aliuweka kwenye mrija. Koo lake halikushuka.

Mzee Adolf alisema zamani mtoto alilipwa kwa mtoto. Wenzake walicheka kidogo ili lipite. Mjomba hakucheka.

Kwa hiyo nimempelekea. Amelala, nimemlaza mlangoni kwao kwenye mkeka, nimemfunika, nimeona taa inawashwa ndipo nikaondoka. Nguo zake ziko kwenye kanga, na kadi. Mwambie mjomba Merina hali pilipili.

Wewe ulikuwa msikilizaji mzuri. Nilitaka ujue hilo. Ulikuwa mzuri sana mwanzoni.

Margareta


Mwandiga,
20 Machi 2023

Skola,

Unauliza kama kuna habari. Hakuna. Polisi wameandika. Wavuvi wameombwa waangalie. Paroko ametangaza. Nimechoka kuulizwa alikuwa amevaa nini.

Nataka ujue ilivyokuwa, maana wewe ulikuta watu wanainuka.

Nilimketisha kwenye kigoda, nikawaambia wazee, "Mtoto huyu ana neno." Akaniangalia. Hakuuliza neno gani. Uso wake uliondoka, Skola, macho yakabaki. Nikamwambia, "Sema, mwanangu, hapa ni nyumbani." Kimya. Nikamwambia tena. Kimya. Basi mimi, kwa huu mdomo wangu usiokaa ndani, nikasema badala yake. Nikasema yote. Nikasema na vidole. Nilidhani namtua mzigo.

Anatoli hakupiga kelele. Mzee Adolf akamwuliza, "Umesikia, unasemaje?" Anatoli akasema, "Nimesikia." Nikasogeza chungu. Wakainama. Nikapiga vigelegele, peke yangu. Skola, nilipiga vigelegele.

Alfajiri ya Jumatatu Anatoli alikuja amembeba Merina begani. Akamweka chini taratibu, akaweka na lile furushi la nguo. Nikamwambia, "Baba, kaa." Akasema, "Mama, mimi silipwi mtoto." Nikamwambia, "Hakuna aliyekuambia unalipwa, ni huzuni za mwenzio, na wewe msamehe kutoka moyoni." Ndipo akalia, mwanamume mzima. Akasema, "Nilikuwa naye mtu mmoja wa kumpelekea samaki. Nilikuwa najua mwanangu alikufa ameshikwa mkono. Mama, nani alikwambia nilitaka kujua?"

Akageuka akaondoka, hakukaa.

Jumamosi hii hakuja.

Veneranda


Katubuka,
4 Aprili 2023

Mama,

Nimewaambia wakubwa wangu kazini yote niliyofanya. Wamenitoa kwenye unasihi, na wamenitaka niandike maelezo kwa chama chetu. Sijajitetea. Mtu mmoja alinipa kitu cha kumshikia, nikakitoa kwa mtu mwingine kwa sababu nilimpenda huyo mwingine na nilimwogopa. Hakuna maelezo marefu zaidi ya hayo.

Nimekwenda Kibirizi kila nilipopata nafasi. Nahodha mmoja anasema alimpakia mwanamke asiye na mzigo kwenda Kongo, hakusema neno njia nzima. Mwenzake anasema huyo alikuwa mwingine, mrefu zaidi. Kuna jiwe pale, nilikaa juu yake. Viatu sikuvikuta. Sijui nifurahi au vipi.

Maziwa umeyadai, nimeyalipa. Nakuheshimu, lakini kuja kula siji.

Skolastika


Mwandiga,
21 Mei 2023

Skolastika,

Hukuja hata Pasaka. Sikukungoja, lakini nilipika kama ninayengoja.

Sikuandiki kukugombeza. Nimejaribu, kalamu haikutaka. Wala siandiki kuomba msamaha, maana sijui niutume anuani gani. Mwenye kuutoa hayupo, na kama yupo yuko ng'ambo, na kama hayuko ng'ambo basi Mungu anisaidie, maana kila nikichota maji namfikiria.

Naandika kwa ajili ya Merina.

Merina hataki kuoga. Maji ya beseni akiyaona anashika kanga yangu kwa nyuma, anashika kwa vidole vyote kumi, na siwezi kuvitoa. Mimi sivitoi. Nakaa naye hivyo mpaka mikono ilegee yenyewe. Siku nyingine tunakaa mpaka jua linahama ukuta. Nilikuwa nafikiri mtoto wa mgongoni haoni kitu. Yeye alikuwa amegeuza kichwa nyuma, Skola. Alikuwa ameelekea upande wa Jonathan.

Juzi nikimsuka akasema, "Bibi, nikwambie siri?"

Mkono wangu ukasimama kichwani kwake. Unanijua. Zamani ningesema, sema haraka. Na nilitaka. Nilitaka mpaka meno yakaniuma. Lakini najijua mimi. Nikiisikia nitalia, nikilia Melania atauliza, akiuliza nitajibu, na nikijibu nitaloweka mtama. Nikamwambia, "Siri hiyo usinipe mimi. Mimi mdomo wangu una tundu. Nitakutafutia mtu." Tangu hapo hajaniambia tena, na usiku anasaga meno.

Sasa niambie, yule mtu wa Kasulu bado yupo? Yule Gasper asiyetujua. Asiyejua kaburi la Agnesi liko upande gani wa mhogo. Nauli ninayo. Nitakaa kwenye benchi. Nitakaa nje ya geti, hata ng'ambo ya barabara wakitaka.

Na umwandikie kabla sijafika, umweleze tabia yangu. Mwambie mtoto akianza kucheka mimi nitashindwa kujizuia, nitampelekea kuku. Amrudishe. Nitamtukana, nitamwita mchawi, nitamwambia ana dharau. Mwambie amrudishe hivyo hivyo.

Veneranda